Keki ya Karne Kumi

Ugonjwa wa Vaileth ulikuwa neno moja: sawa. Mkubwa akimwomba kitu, hata kama anaona kabisa hakiwezekani, mdomo unamtangulia. "Sawa mama." "Sawa mzee." Kwao Njombe alilelewa hivyo, mkubwa habishiwi, na miaka kumi na miwili ya kukaa Springfield, huku Marekani, haikumponya hata kidogo.

Safari hii sawa zake zilimfikisha pabaya. Usharika wa Waswahili wa Takoma Park ulikuwa unatimiza miaka ishirini, na kamati ya sherehe (maana sisi bila kamati hata chai hatunywi) ikampa Vaileth kazi ya keki. Keki yenye sura ya kanisa. Tuzo ya keki hiyo ilikuwa jiko la ukumbi wa kanisa: oveni mbili, friji la kuingia mtu mzima, vyote vinakaa bure Jumatatu mpaka Ijumaa. Mwenyekiti wa kamati, Mama Flaviana, hakumficha. "Keki ikitupendeza, jiko ni lako siku za wiki. Isipotupendeza, tutamtafuta mwingine." Vaileth alikuwa amechoka kuhudumia wazee wa watu kutwa nzima, kisha arudi kuokea kwenye oveni ya apatimenti inayounguza upande mmoja. Alilitaka jiko lile mpaka akawa analiota.

Kamati ilikubaliana keki iwe kanisa. Ikasahau kukubaliana kanisa gani.

Jumatatu akapiga simu Mama Flaviana mwenyewe. Alitaka kanisa kama lile la misheni alikofungia ndoa, kuta nene za mawe, madirisha madogo, matao ya mviringo. "Kanisa lililotulia, lenye heshima zake." Sawa mama. Jumanne akapiga Mzee Clement, mzee wa kanisa, naye akataka minara miwili mirefu iliyochongoka na madirisha ya vioo vya rangi. "Kanisa likiwa fupi, sala zitafikaje juu?" Sawa mzee. Jumatano ikawa zamu ya Jerotich, nesi wa Eldoret, mwanamke asiyeweza kuvaa mkufu mmoja kama kuna mitatu. Yeye alitaka kuba, malaika, na dhahabu kila kona. "Na usininyime dhahabu, dada." Sawa. Alhamisi Mark wa vijana akasema mapambo yote ni ushamba, watu siku hizi wanataka ukuta mweupe mtupu na kioo, basi. Mark ni mdogo kwa Vaileth, lakini ni mwanakamati. Sawa ikatoka yenyewe.

Ijumaa jioni Vaileth aliweka mezani karatasi nne alizochorea maagizo yao, akaziangalia, akaanza kulia. Manahodha wanne, chombo kimoja, na chombo chenyewe kimetengenezwa kwa unga na mayai!

Ndipo akaingia rafiki yake Elkanah, aliyejitolea kuibeba keki, amekuja kupima kama keki itaenea kwenye gari lake. Elkanah ni Mkenya wa Vihiga, mlinzi katika kanisa moja kubwa la mawe huko mjini. Miaka tisa amesimama mlangoni akiwasikiliza waongozaji wakiwaeleza watalii habari za makanisa ya Ulaya, na sasa mwenyewe ukimpa chai tu anaeleza bila kuulizwa. Alizisoma zile karatasi, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Kwani shida iko wapi? Wazungu walikuwa hivi hivi! Kanisa moja linaweza kujengwa miaka mia tatu. Askofu wa kwanza anaanza na kuta nene kama ngome na matao ya mviringo, sababu mafundi wake hawajui njia ingine ya kubeba dari ya mawe. Anakufa. Anayekuja anataka kwenda juu, na mafundi washajifunza tao la kuchongoka, kwa hivyo ukuta unakuwa mwembamba, unajaa vioo. Huyo pia anakufa. Mwingine anataka kuba kama la Warumi wa kale. Mjukuu wake anamwaga dhahabu hadi macho yanauma. Mwisho wanakuja watu kama Mark, wamechoka na hayo yote, wanataka saruji na kioo."

"Sasa wanafanyaje?"

"Mara nyingi wanaunganisha tu. Unaingia kwa mlango wa juzi, unasali kwa altari ya karne ya kumi na moja. Wewe pia unganisha."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wakaanza kazi usiku huohuo, Vaileth anaoka, Elkanah anatoa maelezo na kulamba miiko. Nyuma kabisa likakaa kanisa la Mama Flaviana, la keki nzito ya matunda. Likafuata la Clement, la keki laini, madirisha yake peremende za rangi zilizoyeyushwa. Kisha kuba la Jerotich, linang'aa kama jino la dhahabu. Mbele kabisa ukuta mweupe wa Mark, mtupu, na mlango wa sukari inayoonesha ndani kama kioo.

"Hapa kwa Clement ndipo kuna ugonjwa," alisema Elkanah. "Ukuta mwembamba, mzigo juu, unasukumwa nje. Kuna kanisa Ufaransa walipandisha dari kupita kiasi, ikaporomoka. Ndiyo maana wengine waliweka mikono ya mawe kwa nje, ya kuegemeza. Na kuna minara ilibaki kwenye karatasi, sababu fundi alikataa."

"Alimkatalia askofu?"

"Sasa! Nani anajua jengo linabeba nini, si fundi? Asiyejua kukataa huyo si fundi. Ni kibarua."

Neno lile lilimchoma Vaileth.

Jumamosi wakapakia. Elkanah aliendesha taratibu hata wenye haraka wakampigia honi njia nzima, kutoka barabara kuu za Springfield zinazopitana juu kwa juu mpaka Takoma Park. Hakufunga breki ghafla hata mara moja. Lakini walipofungua boksi jikoni ukumbini, kuta za Clement zilikuwa zimetuna na minara inainamiana kama walevi wawili wanaoagana.

"Mungu wangu, nimekwisha," alisema Vaileth. Zilibaki dakika arobaini sherehe ianze.

Macho yake yakaangukia sinia la kashata za nazi kwenye meza ya chai. Mikono ya mawe! Alizichukua, akazikata ndefu ndefu, akaziegemeza nje ya ukuta mmoja mmoja, mguu wa kashata chini, kichwa begani mwa kanisa. Ya sita ilipokaa, ukuta ukaacha kutuna. Hakupumua mpaka alipoweka ya kumi na mbili.

Keki ilipotolewa ukumbini, shangwe ilitikisa madirisha. "Lile la nyuma ni langu!" akapaza Mama Flaviana. Jerotich alipiga picha kuba lake peke yake. Mark akasema mlango wake ndio umeliokoa kanisa zima. Mzee Clement alizisifia sana zile kashata, akawaambia watu ndivyo hasa alivyoagiza. Mzee mzima, muongo mkavu!

Mama Flaviana akatoa ufunguo. "Vaileth mwanangu, jiko ni lako. Ila Jumanne akina mama watapikia hapa."

"Na Alhamisi kwaya," akadakia Clement.

"Mimi Jumatano tu, kidogo," akasema Jerotich. Mark akaomba Ijumaa kwa ajili ya vijana.

Mdomo wa Vaileth ulikwisha funguka. Ile sa ya sawa ilikuwa tayari kwenye ulimi. Akaitazama keki, zile kashata kumi na mbili zilizobeba mnara wa mtu mwingine.

"Hapana, mama."

Elkanah akapaliwa na chai.

"Mlisema Jumatatu mpaka Ijumaa," Vaileth akaendelea. "Nikiwagawia siku nne, nabaki na moja. Kwa hiyo hapana. Samahanini wazee wangu, lakini hapana."

Mama Flaviana akamshika mkono, akauweka ufunguo kiganjani na kumfumba vidole.

"Nilikuwa naogopa kukupa jiko hili," akasema. "Nilijua ungekuwa umeligawa lote kabla ya Krismasi." Akamsogelea sikioni. "Sasa kata keki. Anza na minara ya Clement."

"Sawa mama," akajibu Vaileth, na hiyo aliisema kwa moyo wote.