Mbegu Zilizoliwa na Panya

Safari ya nne ya kuteremka mjini Popayán kufuata leseni, Delfina Musicué alibeba mifuko miwili: mmoja wa makaratasi, mwingine wa mahindi ya kuchoma. Benchi la ofisi ile alishalijua, na njaa yake pia.

Alikuwa mwenyekiti wa familia kumi na nane za Wanasa, wenyeji wa asili wa nchi ile, waliolima bangi milimani juu ya Toribío. Miaka yote walilima kwa kujificha. Wakafyekewa mimea, wakafungiwa waume. Serikali ilipohalalisha bangi ya dawa, ikatangaza kwamba wenyeji wa asili na wakulima wadogo ndio watakaotangulizwa. Maneno matamu hayo. Waliotangulia hadi leo ni wenye wanasheria.

Safari ya kwanza waliitaka hati ya shamba. Ardhi ya Wanasa ni ya jamii nzima, haina hati ya mtu mmoja, basi akarudi na barua ya baraza. Safari ya pili wakataka uzio. Familia zote zikatoka, siku tatu za jasho na chungu kimoja cha supu ya mahindi, uzio ukasimama. Safari ya tatu wakataka mbegu ikapimwe maabara. Sasa alikuwa amefuata majibu, na saa kumi jioni hiyohiyo maombi yalikuwa yanafungwa.

"Mbegu yenu imepita, Doña Delfina," alisema karani, mama mmoja mpole mwenye sauti ya kutoa pole. "Tena ni nzuri mno. Tatizo, ina mwenyewe tayari."

"Ndiyo. Mimi hapa."

"Hapana, mama. Kampuni moja ya Cali. Waliisajili mwaka jana." Karani akaisogelea kompyuta, akasoma, akasita. "Wameiita Delfina."

Hapo Delfina akaelewa yote. Bwana shamba wa kampuni! Mwaka juzi alipanda mlimani siku ya kubadilishana mbegu, akachutama mbele ya mkeka wake, akaomba mbegu ya bangi. Siku hiyo kwa Wanasa anayeomba mbegu hanyimwi, wala haulizwi ataipanda wapi. Delfina akamjazia kibuyu, naye akampa kilo mbili za chumvi na asante nyingi. Kumbe shukrani ya punda ni mateke.

"Nilimpa mimi, kwa mkono huu!"

"Una karatasi yoyote kwamba ilikuwa yako?"

"Karatasi ya nini? Muulize yeyote bondeni. Nimewagawia wote."

"Ndipo shida ilipo, mama. Kama kila mtu anayo, basi haikuwa ya mtu. Na isiyo ya mtu, anaichukua aliyewahi kuisajili."

"Kwa hiyo ningekuwa mchoyo, leo ningekuwa na leseni?"

 Karani akatoa mkataba wa kampuni ambao tayari ulikuwa umepigwa chapa. Sheria iliitaka kampuni inunue sehemu ya mavuno kwa wakulima wadogo. Familia zote kumi na nane zingepata leseni chini ya kampuni, zipande mbegu ileile na kuiuzia kampuni peke yake. Kifungu cha saba kilisema mkulima hataitoa mbegu kwa yeyote, kwa kuuza, kwa kubadilishana wala kwa zawadi. Mmoja akivunja, leseni ya wote inafutwa.

"Mbegu ina jina langu, na mimi ndiye nisiyeruhusiwa kuigawa!"

"Zimebaki dakika ishirini, mama."

Akamkumbuka shemeji yake Evelio, mwaka wa tatu gerezani kwa magunia mawili ya bangi hiyohiyo. Akawakumbuka wanawe Evelio. Akatia sahihi kwa hasira hadi kalamu ikatoboa karatasi. Mlimani wakamchinjia kuku, wakamwimbia, wakamwambia amewakomboa. Yeye alimla kuku yule kama dawa.

Septemba siku ya mbegu ikafika. Delfina alitandika mkeka na kupanga maharage, viazi na mahindi ya rangi nne. Mbegu za bangi aliziacha nyumbani. Bwana shamba naye alikuwepo, ameketi kwenye ukuta wa kanisa na bilauri ya chicha, pombe ya mahindi, anapiga watu picha na kutabasamu. Delfina alitamani kumwagia hiyo chicha kichwani.

Mara Otilia Chocué akatokea, mama aliyemsimamia mwana wa Delfina ubatizo, tangu hapo wakaitana komadre. Ametembea tangu alfajiri kutoka upande wa Tacueyó.

"Komadre! Mlima umeporomoka, umenisombea shamba lote. Sijabakiwa hata na punje ya bangi. Nimekuja kwako moja kwa moja, maana kwako hakukosekani."

Delfina akatupa jicho ukutani. Bwana shamba alikuwa anawatazama.

"Sina, komadre," akasema, na uso ukamwaka moto. "Panya wamezimaliza."

"Zote?"

"Zote."

Otilia akashika mdomo. Halafu, badala ya kununa kama ambavyo mtu mwingine angenuna, akamdaka mkono. "Maskini wewe! Mimi nalia na tope, kumbe mwenzangu analia na panya. Inuka. Inuka nakwambia! Umewalisha watu hawa miaka yote, utaona haya gani?"

"Komadre, niache..."

"Sikuachi! Jamani! Panya wamemlia Delfina mbegu zote za bangi!"

Akamburuta mkeka kwa mkeka, kwa watu wa vijiji vingine wasiofungwa na mkataba wowote. Kila walipofika mtu alifungua kifuko akamimina konzi moja ya bangi kwenye aproni ya Delfina, na kila mmoja ana lake la kusema. Mmoja akamwambia hao panya wake sasa hivi wanacheza ngoma. Mwingine akamtaka afuge paka, aache kufuga vikao. Bibi Sixta, mkongwe kuliko wote, akamimina viganja viwili. "Hizi ni zako mwenyewe, binti. Ulinipa mwaka nilipofiwa na mume wangu." Hakuna aliyemwomba chochote badala yake. Aliyepotelewa na mbegu haombwi kitu.

Aproni ikajaa. Otilia akaipapasa kwa nje, akacheka.

"Unaona? Haya, nigawie nusu tuondoke. Njia yangu ndefu."

Akatandaza kitambaa. Watu walikuwa wakitazama kwa raha, kama watu wanaosubiri harusi ifungwe. Bwana shamba alikuwa ameteremka ukutani na kusogea hatua chache.

Delfina akaukunja ukingo wa aproni, akaukamata kwa mikono miwili.

"Siwezi, komadre."

"Huwezi nini?"

"Kukupa. Panya hawajala kitu. Nimetia sahihi Popayán. Nikikupa hata punje moja, familia kumi na nane zinanyang'anywa leseni."

Otilia akamtazama, akamtazama bwana shamba, kisha akamtazama yeye tena. "Kwa hiyo ndiyo leseni hiyo mliyoililia," akasema polepole. Kitambaa kilikuwa bado mikononi mwake.

 Delfina alitaka kueleza habari za karani, za dakika ishirini, za Evelio, lakini watu walikuwa wameshaanza kuinuka.

Bibi Sixta ndiye aliyesogea kwanza. Akaufungua ukingo wa aproni bila nguvu, akachota viganja vyake viwili, akavimimina katika kitambaa cha Otilia. Tangu azaliwe Delfina hajawahi kuona mbegu iliyotolewa ikichukuliwa tena. Akafuata yule aliyetania paka, akachota konzi yake. Akafuata mwingine, na mwingine, taratibu, kila mtu na chake, wakiangalia wasimpapase wala kumwaga. Delfina alisimama tu ameshika aproni iwe wazi, mpaka ikabaki tupu.

Hakuna aliyemtukana. Ingekuwa afadhali wangemtukana.