Daftari la Maneno ya Mwisho

Mtu anayekata roho akikushika mkono, akakuambia jambo ambalo mkewe hataweza kulibeba, utampelekea mkewe maneno gani? Mchungaji alikuwa na swali hilo kwa miezi saba, na kila alipodhani amelipatia jibu, jibu lenyewe liligeuka kisingizio.

Kanisani kwake palikuwa na desturi iliyomtangulia. Muumini akifariki, mchungaji husimama kaburini akasoma maneno ya mwisho ya marehemu, na maneno hayo huandikwa katika daftari lenye jalada jeusi linalokaa ofisini, juu ya kabati la vikombe vya meza ya Bwana. Siku alipokabidhiwa ofisi, Mchungaji alifunua kurasa za zamani akastaajabu. Hakuna aliyekufa akiomba maji. Hakuna aliyelalamikia mgongo. Wote waliaga kwa aya.

"Kanisa hili, Mchungaji wangu," Mzee wa Kanisa alimtania, "hata bubu akifa huacha zaburi."

Walicheka. Mwaka haukuisha, Mchungaji naye akaanza kunyoosha: neno hapa, nusu sentensi pale, kama fundi cherehani apunguzaye pindo ili nguo imkae mwenyewe. Hakuuita uongo. Aliuita huruma.

Kisha akafa Seremala, yule aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa na ambaye hakupata kuongea zaidi ya haja. Asubuhi ile hospitalini, mkewe alipotoka kwenda kumtafutia chai ya moto, Seremala alimkamata Mchungaji kifundo cha mkono. Macho yake yalikuwa makavu, akili zake timamu.

"Nimeita mpaka nimechoka," alisema. "Hakuna anayeitika. Naogopa."

Mchungaji alifumbua kinywa, akakuta hamna kitu ndani yake. Maneno yote aliyowapa watu kwa miaka kumi na moja yalikuwa yametoka kwenda zake. Mke aliporudi na chupa ya chai, mumewe alikuwa ameshakata roho.

"Amesema nini?" aliuliza.

"Amesema, 'Namwona. Amekuja kunichukua.'"

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga. Hii ilikwenda mbali. Uongo ule ulisomwa kaburini, ukaandikwa daftarini, ukawa mto ambao mjane aliulazia kichwa.

Jumamosi moja asubuhi, binti wa Seremala, mwalimu wa shule ya awali, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mama ana uvimbe kifuani," alisema. "Daktari anasema ni mdogo, ukikatwa sasa atapona. Wamempangia Jumanne. Hataki."

"Anaogopa kisu?"

"Angeogopa ningefurahi! Anasema baba alipokelewa, yeye anachelewa nini. Nimembembeleza, nimenuna, nimelia. Nimemwita na mjomba. Mjomba kaja, kala, kalala, kaondoka." Alijifuta uso kwa kiganja. "Anakusikia wewe tu, Mchungaji. Kaseme naye."

Alasiri hiyo walikwenda watatu: Mchungaji, binti, na Mzee wa Kanisa, ambaye njiani aliona jambo ni jepesi. "Mwambie Mungu hutumia hata mkono wa daktari. Basi, tunakunywa chai tunarudi."

Mjane walimkuta sebuleni, akikunja mashati ya marehemu aliyokusudia kuyagawa. Aliwakaribisha kwa uso mkunjufu. Mchungaji akasema ya mkono wa daktari. Akasema mwili ni hekalu. Mama alimsikiliza kama mtu amsikilizaye mtoto anayesoma vizuri.

"Mwanangu," alisema, "si wewe uliyenisomea pale kaburini? Mume wangu alimwona kwa macho. Unataka nimkimbie yule aliyemjia?"

Hapo Mchungaji aliona kwamba kila aya atakayoitoa itagonga ukuta alioujenga mwenyewe.

"Hakusema hivyo, mama."

Mzee wa Kanisa alikohoa kwa nguvu. Mchungaji hakunyamaza. "Alisema ameita mpaka amechoka, na hakuna anayeitika. Alisema anaogopa. Yale mengine niliyatunga mimi."

"Rudia."

Alirudia. Mama aliendelea kulikunja shati lile lile, akalikunjua, akalikunja tena.

"Alikuwa anaogopa," alisema hatimaye, "na mimi niko kwenye foleni ya chai."

"Nisamehe, mama."

"Nikusamehe ili ukalale wewe? Miezi saba nimelala vizuri. Usingizi ulinipa mwenyewe, na mwenyewe umekuja kuuchukua."

Binti alipiga magoti mbele yake. "Mama, basi Jumanne twende. Tafadhali."

"Kufanya nini? Jana nilikuwa na mahali pa kwenda. Leo sina pa kwenda wala pa kubaki." Aliweka shati juu ya mengine, akaingia chumbani, akaufunga mlango taratibu, kwa adabu ya mwenye nyumba asiyetaka kuwafukuza wageni.

Binti alibaki magotini. "Nilikuomba umsaidie kuishi," alisema, hata hakumtazama Mchungaji.

Mchungaji alitaka kumjibu kwamba ukweli huponya. Alikuwa amelihubiri hilo mara nyingi. Lakini ukweli wake ulikuwa umefika kama tabibu baada ya mazishi, na haukuponya mtu. Tena alijua sasa kwa nini kinywa chake kilikuwa kitupu pale hospitalini: Seremala hakumshangaza. Alimsemea. Yeye pia alikuwa akiita kwa muda mrefu, na kila Jumapili alikuwa akiitika mwenyewe, kwa sauti nyingine.

Mzee wa Kanisa alimvuta mkono hadi barazani. Binti akainuka, akawafuata hadi mlangoni.

"Haya, yamekwisha humu humu," Mzee alinong'ona. "Maji yamemwagika, hayazoleki. Kesho panda mimbarani uhubiri kama kawaida. Daftari lile lina wajane wangapi? Unataka kuwaua wote?"

"Sijui wangapi."

"Basi nyamaza. Ukweli usio na faida ni wa nini?"

"Sijui, Mzee. Kwa mama huyu haukufaa kitu."

"Sasa?"

Mchungaji aliwatazama wote wawili.

"Kesho sitahubiri," alisema. "Nitasimama chini, si mimbarani, niwaambie watu kwamba maneno ya daftarini tangu nilipofika nimeyageuza mimi. Atakayeniuliza habari za marehemu wake nitamwambia nilichosikia, asiyetaka kuuliza nitamwacha. Kisha nitakukabidhi ufunguo wa ofisi. Sina hakika kama bado naamini, na sitasimama tena mbele ya mtu nikajifanya nina hakika."