Bastola Nene, Mkono Mdogo

Mwanangu Orpha alikuwa na siku moja tu ya kuchagua bastola, na mimi baba yake ndiye nilitaka kumharibia.

Kampuni yake inalinda magari ya kubeba pesa. Hapa Johannesburg kazi hiyo kila mtu anaijua. Gari linasimama kwenye robot, yaani taa za barabarani, wanashuka watu wenye bunduki kubwa, na kesho yake mkubwa mmoja mwenye tai anasema redioni kwamba amesikitika. Wakubwa wanajua kusikitika. Mke wangu Jeannine alipokufa kwenye benchi la hospitali akingoja daktari, walisikitika. Orpha alipigishwa foleni miaka sita apate karatasi za nchi aliyozaliwa, wakasikitika tena. Mimi niliishia darasa la nne kule Uvira, lakini masikitiko yao nayajua, hayajawahi kupika hata chungu kimoja cha bugali.

Sasa ikatokea nafasi moja ya mkufunzi wa shabaha. Mkufunzi hapandi gari la pesa. Anashinda uwanjani na wenzake, saa kumi amefika nyumbani, mzima. Wanne waliiomba. Mista Deon, mkuu wa mafunzo, akasema hataki barua wala maneno, watashindana Jumamosi. Vituo vitano, risasi sita kila kituo, unatembea kutoka kimoja hadi kingine huku saa inahesabu. Risasi ikitoka nje ya duara la kati unaongezewa sekunde moja. Bastola kila mtu achague mwenyewe stoo, mwisho Jumanne, na ukishachagua hubadilishi.

Mimi ni fundi cherehani, niko Jeppestown, nyuma ya karakana ya milango ya chuma. Sare za kampuni hiyo ninazirekebisha mimi. Wanaagiza jaketi za mwanaume mwenye kifua cha ng'ombe, kisha wanamvika msichana, na mimi ninapunguza. Jumanne nilipeleka suruali kumi na mbili, nikamkuta Orpha amesimama kwenye kaunta ya stoo. Mbele yake bastola mbili, tupu, zimefunguliwa.

"Karibu, Mzee Sindano!" Naseeb mtunza stoo akapiga kelele. Ni mtu wa Tanga, mdomo wake haupumziki. "Binti anachagua bwana harusi. Mmoja mnene, mmoja mwembamba."

Akanionyesha. Ile nene magazini yake ni pana, risasi zimekaa mistari miwili zikipishana kama matofali, kumi na saba. Nyembamba ina mstari mmoja tu, risasi nane basi.

"Chukua nene," nikasema.

"Papa, hata jambo hakuna?"

"Jambo. Chukua nene. Kumi na saba na nane, mtu anauliza?"

"Nyembamba inanikaa mkononi."

"Orpha, mimi na mama yako tulitoka Uvira miguu mitupu. Siku ile mwenye risasi nyingi ndiye alipita barabara. Usinifundishe."

"Papa, hizi za Jumamosi ni karatasi. Karatasi hairudishi risasi."

Naseeb alicheka mpaka akashika meza. "Mzee, umepigwa! Rudi kwenye cherehani!"

"Wewe kaa na funguo zako," nikamwambia. Nikamgeukia mtoto, nikamwambia mama yake angekuwa hai angemwambia hivyohivyo. Jeannine nilimtia hapo kwa nguvu, sina hakika angesema nini. Orpha anaelewa Kiswahili chetu chote, ila akikasirika anahamia Kizulu. Akahamia. Mimi Kizulu nasikia nusu, na hiyo nusu haikuwa ya heshima.

Kisha akaikamata ile nene kwa nguvu, akaielekeza kwenye ukuta wa mchanga. "Angalia basi! Angalia mwenyewe!"

Nikaangalia. Hasira ilikuwa yangu, lakini macho yalikuwa ya fundi. Mkono haukukaa. Utepe wa kupimia uko shingoni mwangu siku zote, nikauvuta.

"Usitikisike."

Nikapima kutoka panda ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha shahada. Nikapima bastola, kutoka mgongo wa mpini hadi kwenye kifyatulio. Mkono ulipungukiwa karibu nusu inchi. Ili kidole kifike, alikuwa anageuza kiganja chote, kama mtu aliyeazima koti anavyojikunja vifungo vikutane.

Orpha akatoa mfukoni karatasi ya mazoezi. Matundu yote yalikuwa upande wa kushoto.

"Kila siku hivi," akasema, sasa kwa Kiswahili, polepole. "Mista Deon anasema naogopa mlio. Siogopi, Papa. Sifiki."

Nilisimama na utepe wangu pale. Miaka yote nawatukana wanaotukatia nguo kwa kipimo cha mtu mwingine, na leo nilikuwa namkatia mwanangu kwa kipimo cha woga wangu.

"Andika nyembamba," nikamwambia Naseeb.

"Mzee, nakuambia kama ndugu. Wenzie watabadilisha magazini mara moja. Yeye mara tatu."

"Nne," Orpha akasema. "Kituo ni risasi sita. Nane inamaliza kituo na inabaki. Nitabadilisha njiani, kila nikitoka kituo kimoja. Kutembea nitatembea tu, mikono ifanye kazi."

Naseeb akatazama juu akihesabu. "Eish," akasema, akaandika.

Bastola hairuhusiwi kutoka stoo. Kwa hiyo nilichonga vibao vitano vya saizi ya magazini, na Orpha akitoka kazini alikuwa anatembea katikati ya karakana akibadilisha vibao. Mwanzoni ilimshinda. Kila mara alikuwa anainama kutafuta kiunoni, hatua inakatika. Mkanda wa kampuni umeweka mifuko huko nyuma karibu na mgongo. Aliyeuagiza bila shaka hajawahi kuuvaa.

Fundi hatafuti pini kwa macho. Macho yako kwenye kitambaa, mkono unakwenda wenyewe, kwa sababu pini zinakaa pale mkono unapoangukia. Nikamwambia afumbe macho, aangushe mkono wa kushoto mara kumi. Kila ulipoangukia nikatia chaki. Hapo nikashona mifuko minne ya ngozi, imeinama mbele kidogo. Alhamisi aliangusha vibao. Ijumaa hakuangusha hata kimoja, akawa ananisimulia umbea wa kazini huku anabadilisha.

Jumamosi tulikwenda uwanjani, kusini, nyuma ya vilima vya vumbi la machimbo. Wawili wa kwanza walipiga vibaya. Wa tatu alikuwa Joël, kijana wa Lubumbashi, mabega kama mlango, bastola nene imepotea mkononi mwake.

"Mama Shabaha," akamwambia Orpha, "hicho kidude ni cha kuwashia jiko?"

"Piga, tuone moshi."

Akapiga. Kweli ana kasi. Kituo cha kwanza, cha pili, mbio. Kituo cha tatu risasi tano zikatoka, ya sita ikakataa. Kumi na saba zilikuwa zimeisha. Mwenye nyingi hahesabu. Joël akasimama anapapasa mgongoni, magazini ikakwama kwenye mfuko, akatukana kwa Kifaransa. Alimaliza sekunde thelathini na nane, sita nje ya duara. Arobaini na nne.

Orpha akaingia. Sitadanganya, sikuangalia shabaha. Niliangalia mkono wa kushoto tu. Ulianguka, ukapanda, ukaanguka, ukapanda, na miguu haikusimama hata mara moja. Arobaini na moja. Wakahesabu matundu, mawili nje. Arobaini na tatu.

"Mchezo gani huu!" Joël akasema. "Barabarani na risasi nane atafanya nini?"

"Mkufunzi haendi barabarani," Mista Deon akajibu kwa Kiingereza chake kizito. Akamwambia Orpha aanze Jumatatu, miezi mitatu ya majaribio.

"Majaribio ya nini?" nikaanza. "Ameshinda mbele ya—" Orpha akanikanyaga mguu.

Mista Deon alikuwa bado anaangalia karatasi ya mwisho, matundu sita katikati. "Nilisema unaogopa mlio," akasema. "Nilikosea."

Sijawahi kumsikia bosi akitoa neno hilo. Nikavua kofia.

Joël akaja anajikuna kichwa. "Dada Orpha, Jumatatu niweke wa kwanza. Unionyeshe hiyo ya kutembea."

"Saa mbili. Ukichelewa naanza na wengine."

"Ndiyo, mwalimu," akasema, akainama kumsaidia kuokota maganda ya risasi.