Hapa Hapana Mtu

...na kama kilima hiki si cha mtu, basi na aseme ni nani aliyefyeka njia hii, Kadii anawaza, mwiba umeng'ang'ania dera lake, mbele yake baba mdogo Chengo anapanda wala hageuki, shingo imemjaa jasho na kiburi, "Nyinyi wa chuo mmezoea lifti," anasema, cheka, cheka tu, ndiwe uliyenipigia simu kwa sauti ya paka aliyenusa samaki, njoo mwanangu, kesho wazee wanakaa, wewe ndiye damu ya marehemu kaka yangu, ukisema pamoja nami kwamba kileleni hapana kaburi wachimba mawe watapewa kilima na maneno yataisha... yataisha kwa nani, baba alimpandisha hapa mabegani angali mdogo, wakamvisha babu kitambaa chekundu, yaani walikivisha kile kigango chake, gogo la kuchongwa lenye uso wa mviringo linalosimama badala ya marehemu, baba akasema watu huhama, Kadii, kigango hakihamishwi, hata tukienda mwisho wa dunia babu tutamwacha hapa hapa... na sasa wamefika, pale pale, nyasi kavu, upepo wa shari, na duara la udongo mbichi pale kiliposimama kigango, "Mchwa," anasema Chengo, "walikimaliza zamani," mchwa gani hao wenye jembe, hoja zimejipanga kooni kama siku ya fainali ya mdahalo, kwanza udongo, pili kitambaa kilichotoweka bila kuacha hata uzi, atamkata vipande mbele ya wazee, atamwaibisha mpaka mkewe ahame kanisa, "Umeona mwenyewe, hapa hapana mtu," na Chengo anatoa mfukoni chupa ya pombe ya mnazi, anafungua, lakini kabla haijagusa mdomo mkono unainama wenyewe, tone, tone jingine, katikati ya udongo ule, na midomo inanong'ona, haisikiki vizuri, "...haya baba, tuliza roho..." kisha anakunywa, anajifuta, hajui alilofanya, hajui kabisa... na zile hoja zote zinamdondoka Kadii kooni, hazina kazi tena, huyu hakusahau, huyu anaogopa, kila usiku anaogopa, na yeye hamhurumii hata chembe, ananyoosha mkono.

"Nipe chupa, baba mdogo."

"Tangu lini wewe unakunywa?"

"Si yangu mimi. Hujammiminia babu ya kutosha."

Upepo unavuma, mkono wa Kadii bado umenyooka, na Chengo ameikumbatia chupa kifuani, haangalii chini.