Mchele Usio na Fukusi

Tekla alichukia fukusi kuliko alivyomchukia Ibilisi, na Ibilisi alimchukia kweli, maana hakukosa misa. Ibilisi, alisema, unampigia ishara ya msalaba anakwenda zake. Fukusi utamfukuza na nini? Anaingia kwenye mpunga wako huku unamtazama, anatoboa, anataga, na kabla masika hayajaisha unatwanga kinu kizima unaambulia vumbi. Mama yake alipambana nao kwa majivu ya pumba na pilipili kavu, naye akafuata hivyo hivyo. Majivu yalipunguza, hayakumaliza. Kila mwaka Tekla alikula mchele wenye vitobo kama bonde zima linavyokula, na kila mwaka aliona aibu kana kwamba ni yeye peke yake.

Scolastica, jirani yake, aibu hiyo hakuwa nayo hata chembe. Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mume wake, na nyumba zao zilitenganishwa na tuta la mchicha na kamba ya kuanikia nguo. Fukusi wakijaa kwenye ungo aliwapepeta, waliogoma kutoka akawapika. "Wifi, nao ni kitoweo," alisema, akicheka mpaka magego yanaonekana. Tekla hakula kwake ila kwa kulazimika.

Mtoto wa Tekla alikuwa mmoja tu, Balbina. Balbina aliolewa na Raimundi, kijana mpole aliyefanya kazi ya kibarua kwenye shamba la pamba. Akapata mimba, ikaharibika. Akapata nyingine, nayo ikaharibika. Mimba ya tatu ilipofika mahali ambapo zile mbili hazikuwahi kufika, Tekla alikwenda mwenyewe kumchukua. "Mtoto huyu atazaliwa kwangu," aliwaambia wakwe, "na atazaliwa mzima." Hakuomba ruhusa, alitoa taarifa. Tangu siku hiyo hakuwaza jambo lingine duniani: mwanawe ale, ashibe, ajifungue salama, na wote wawili wabaki hai.

Kijiji chao kilikuwa ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara, na masika yakishika maji yanapanda hadi mashambani, huna pa kwenda ila kwa mtumbwi. Kwa hiyo Tekla alitwanga mapema. Alitwanga mchele wa mzazi, wa uji na wa wali laini, akaujaza kwenye mtungi mkubwa uliokuwa wa mama yake. Kisha akakaa kuutazama, na moyo ukamwuma. Aliwajua fukusi. Wangefika kabla ya mtoto.

Raimundi ndiye aliyeleta ule unga. Mkwe na mama mkwe kwao hawatazamani usoni wala hawapeani maneno marefu, kwa hiyo aliuweka mfuko kwenye kona ya uzio, akasimama mbali ameinamisha kichwa, akamweleza mkewe, na mkewe akaja jikoni kumweleza mama yake.

"Ni dawa ya pamba, mama. Amesema uinyunyize chini ya kihenge cha mpunga na pembeni. Siyo ndani. Wenyewe wakiinyunyiza wanafunga pua."

"Chini? Fukusi wangu wanalala chini? Wamo humo humo ndani ya mchele!"

"Mama, amesema..."

"Mkwe wangu ni mwanamume, Mwenyezi Mungu amjalie. Lini amehifadhi mchele?"

Balbina akacheka, na yakaishia hapo. Angemwita mumewe aingie jikoni aseme mwenyewe? Haiwezekani. Na Raimundi, hata angemwona mama mkwe wake anaula ule unga kwa kijiko, angeanzia wapi kumkataza? Adabu, jamani. Adabu hiyo hiyo tunayojisifia mbele za watu.

Tekla akafungua mfuko. Unga mweupe, laini, wenye harufu kama ya chumba kilichofungwa siku nyingi. Na mkono wake ulijua kazi moja tu, kazi ya majivu. Majivu unayatia viganja kwa viganja, unachanganya mpaka mchele ugeuke rangi, na hata usipoosha vizuri huumwi na tumbo. Bibi zake walichuja chumvi ya mboga kutoka kwenye majivu. Basi ule unga akautia kwa kipimo cha majivu. Mpunga wa kihenge akautia kiasi. Mchele wa mzazi akautia zaidi, kwa sababu huo ndio aliokuwa akiupenda zaidi.

Na fukusi wakaisha! Loo, mwanamke alivyotamba! Alichota mchele kwenye ungo akatoka nao uani, akawa anaupepeta pale pale kwenye kamba ya nguo, ambapo Scolastica hana budi kuona. Mchele mzima, hauna kitobo.

"Wifi, wako wamehamia wapi?" Scolastica aliuliza.

"Wamehamia kwako. Si unawapenda?"

Wakacheka wote wawili. Ilikuwa mara ya mwisho kucheka pamoja.

Kuku wa Tekla walianza kufa wiki ile ile. Walidonoa chenga chini ya kinu, wakazunguka, wakapinda shingo, wakaanguka wakipiga mabawa. Kideri, watu walisema, na Tekla naye akasema kideri. Scolastica alisimama kwenye mchicha wake, mikono kiunoni. "Kideri gani hiki kinachochagua nyumba? Wangu wapo wote." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anashangaa tu kwa sauti, kama kawaida yake. Lakini neno lile lilimwingia Tekla likakaa.

Kisha Balbina akaanza kulalamika kwamba midomo inamfa ganzi. Akawa anaangusha vikombe. Tekla alikasirika kwanza, halafu akaiona ile mikono inavyocheza, akaogopa, na kwa hofu ile akamwongezea chakula. Asubuhi uji wa mchele, mchana wali, jioni wali. Yeye mwenyewe alikula muhogo ili mchele mzuri usiishe. "Kula, mama yangu. Kula, huyo aliye ndani naye anataka." Balbina alikula hata asipotaka, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama pale pale mlangoni.

Degedege lilimshika uani, mchana kweupe. Aliporudiwa na fahamu Raimundi alimtia kwenye mtumbwi, akampeleka Ifakara hospitalini. Wakampima, mimba wakaiona nzima, wakamwambia apumzike asiende mbali. Akapumzika kwa Apolonia, shangazi yake Raimundi, aliyekuwa akipika ugali kwa kambale kila siku ya Mungu. Na Balbina akapona! Mikono ikatulia, akanenepa, akawa anasuka mkeka. Apolonia alitaka ajifungulie hapo hapo.

Tekla hakutaka kusikia. Alituma maneno, yalipokosa jibu akavuka mto mwenyewe, akaketi mlangoni kwa Apolonia na kanga yake kichwani kama mtu aliyefiwa. "Nimesema atazaliwa kwangu." Mchele wa mzazi ulikuwa mtungini unamsubiri. Mama gani huyo ambaye binti yake anakwenda kuzalia kwenye ugali wa watu? Akarudi naye. Ningekuwepo ningeutoboa ule mtumbwi.

Balbina alikula wali wa mama yake, akausifu. Siku zikapita kidogo, mikono ikaanza tena.

Hapo Tekla akafikiri sana, na mawazo yake yote yalikuwa ya kweli isipokuwa la mwisho. Aliona kwamba mwanawe akiwa mbali anapona, akiwa hapa nyumbani anaugua. Aliona kwamba kuku wa hapa wamekufa. Basi ubaya uko hapa hapa, alisema, kwenye uwanja huu huu. Na ni nani aliye karibu kuliko wote, ambaye kuku wake wako hai, na ambaye alilitangaza hilo hadharani bila haya?

Jioni moja Scolastica alikuja na bakuli la wali na kipande cha perege, limefunikwa kwa kawa. "Nimemletea mwanangu. Mchele wangu unaujua, usiangalie sana," alisema kwa utani wake ule.

Tekla akafunua. Fukusi wawili walikuwa juu ya wali, weusi, wamepikwa. Akalichukua bakuli akalimwaga chini miguuni pa mwenye nalo.

"Toka na uchawi wako! Umeshakula kuku wangu, hutamla na mwanangu!"

Alipiga kelele kusudi majirani wasikie, na walisikia. Scolastica aliokota bakuli lake, akalifuta kwa pindo la kanga, akaenda. Tangu siku hiyo watoto walikatazwa kupita kwake, na kanisani mwanamke aliyekuwa akikaa naye benchi moja akahama. Wali ule uliomwagwa ulidonolewa na mtetea mmoja wa Tekla aliyekuwa amesalia. Kesho yake alikuwa anatembea, mzima. Tekla hakumtazama.

Balbina alijifungua mvua ikinyesha. Mtoto alitoka analia, msichana, mdogo lakini mzima, na Tekla alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Akakimbilia chungu. Akamlisha mzazi uji, bakuli la kwanza na la pili, akimshikia kichwa. Degedege lilirudi jua likichomoza, likaondoka, likarudi, halikuondoka tena mpaka lilipoondoka naye.

Msibani watu hula, hata kama mwenye msiba hawezi. Mpunga wa kihenge haukuwa umetwangwa, kwa hiyo wanawake walikwenda kwenye mtungi wa mzazi. Mzazi alikuwa hauhitaji tena. Sehemu wakaitia chunguni. Scolastica naye alikuja. Alikuwa shangazi wa marehemu, nani angemzuia? Alikuja na kikapu cha mchele wake, akakiweka chini bila kumwangalia mtu, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Mchele wake ukamwagwa kwenye ungo mmoja na ule uliobaki wa Tekla, ukafunikwa kwa kanga, watu wakaenda kuzika.

Waliporudi, Tekla alitaka mikono yake ifanye kitu. Akavuta ule ungo, akaufunua aanze kuchambua.

Fukusi wa Scolastica walikuwa wamelala chali. Wengine walikwisha kufa. Wengine walikuwa bado, na miguu yao ilikuwa inatetemeka. Inaanza kwenye ncha, inatulia, inarudi kwa nguvu zaidi. Tekla aliinama mpaka uso wake ukakaribia mchele. Aliujua mtetemo ule. Aliukamata kwa mikono yake jana asubuhi, akaukumbatia, akausihi uache.

Akaona kuku chini ya kinu. Akaona mikono iliyotulia Ifakara. Akaona bakuli la kwanza na bakuli la pili.

Angeweza kuimwaga ile mizoga ya fukusi na kunyamaza. Nani angejua? Lakini chungu kilikuwa kinatokota pale, na watoto wa watu walikuwa wamekaa na sahani zao. Tekla aliinuka, akakipiga chungu kwa teke. Wali na maji ya moto vikamwagika mguuni pake, wala hakuondoa mguu.

"Msile! Msile mchele wangu!"

Wakamshika. Walidhani ni uchungu wa kufiwa. "Siyo uchungu!" alipiga kelele. "Ni ule unga! Niliutia kwenye mchele, nikamlisha. Nimemwua mimi! Scolastica hana kosa, mnasikia? Hana kosa lolote!"

Raimundi alikuwa amesimama karibu na mlango. Akainua kichwa, akamtazama mama mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aoe.

"Nilisema chini ya kihenge, mama," alisema. "Nilisema siyo ndani."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kumwambia Tekla yeye mwenyewe, bila mtu katikati. Hakumwambia mengine tena mpaka alipohama.

Ndani, mtoto akaanza kulia. Tangu azaliwe alikuwa amelambishwa maji ya vuguvugu yenye sukari, na hapo karibu hapakuwa na mwanamke anayenyonyesha. Wazee walikwisha kusema apikiwe maji ya wali kwanza, maziwa yatafutwe asubuhi. Na nyumba nzima ya Tekla, kutoka kihenge hadi mtungi, haikuwa na punje moja ya kumpa mtoto huyu.

Akazunguka nyuma ya nyumba akichechemea. Scolastica alikuwa pale pale, ameegemea ukuta. Tekla akapiga magoti kwenye tope.

"Wifi, naomba mchele."

Macho ya Scolastica yalikuwa mekundu, na hapakuwa na utani wowote usoni pake.

"Upi? Ule uliomwaga?"

"Ule ule."

"Una wadudu."

"Najua, wifi. Nipe."

Scolastica hakumwinua. Alikwenda kwake, akakaa huko kitambo kirefu mpaka Tekla akadhani harudi, kisha akarudi na bakuli la mchele, lile lile, akaliweka chini mbele yake. Akaondoka.

Tekla akalipeleka bakuli jikoni, akaketi nalo karibu na mafiga, mtoto akilia kule ndani, wanawake wakimwuliza anasubiri nini. Aliinama akatazama, akasubiri. Fukusi mmoja akatokeza kati ya punje, akapanda ukingoni, akatembea. Akaja mwingine nyuma yake, akatembea vizuri.

Ndipo akawasha moto.