Mama Alivyojifunza Kulia

Siku tuliyomzika mume wangu, Mama alinishika uso kwa mikono miwili akanitazama nikilia. Hakuwahi kunishika hivyo. Utotoni nilipoungua na uji, alinitazama tu huku akiendelea kula. Basi siku ile nikajiambia, leo mama yangu amenionea huruma. Kila nilipopiga magoti nilimshukuru Mungu kwa mikono ile miwili, nikamwombea Mama azidi kupewa moyo wa kunipenda.

Juzi tulikwenda kwa jirani yetu mshonaji, aliyefiwa na mwanawe. Mama alipofika mlangoni alijitupa chini akilia. "Nani atanifungulia mlango jioni? Nani sasa, mpenzi wangu?"

Wanawake wakamwinua, wakamletea kiti na maji. "Pole, bibi. Una moyo wa huruma wewe."

Mimi nilibaki nimesimama. Maneno yaleyale ndiyo niliyomlilia nayo mume wangu. Hata ile sauti yangu inayokatika katikati, kwa sababu ya kifua kibovu, Mama aliitoa vilevile.

Tukiwa njiani kurudi alikuwa mchangamfu. "Umeona walivyonikalisha? Wewe, mwanangu, unajua kulia. Siku ile nilikutazama vizuri nisikose kitu."

"Ndiyo, Mama," nikamjibu, nikamshika mkono tuvuke barabara.

Jioni, kwenye sala, sikumwombea tena Mama apewe moyo wa kunipenda. Nililia kwanza, kimya kimya, mlango nimeufunga asinione. Kisha nikamwomba Mungu anisaidie kumtunza bila kungoja kitu. Nikainuka, nikaenda kumpashia moto maji ya kuoga.