Pleti ya Keziah Ndani ya Sufuria

...na bado inanuka, hata baada ya kuchemka inanuka, mvuke wenyewe unanuka mate yaliyolala na maharagwe ya shule, na kitu kingine kitamutamu kama maziwa yaliyoganda kwenye chupa ya mtoto, ptuu, nimeishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu anayemtoa panya mtegoni, tone linaangukia leso yangu, najisikia vibaya hata kwa hilo tone, "Mama, pleti yangu ya meno iko wapi?", huyo ni Keziah, binti yangu, yuko nje ya mlango wa jikoni na mlango nimeutia komeo, "Lori ya kwenda Nyeri inatoka sasa hivi, ati dereva ameanza kupiga honi!", nakuja, nasema, naiosha, nakuja, na uongo unateleza vizuri kinywani kwa sababu ni nusu ya kweli, niliiosha, Mungu anajua niliiosha, mpaka ikapinda... naigeuza hivi, naigeuza vile, ile plastiki ya waridi iliyokuwa ikilala sawasawa chini ya kaakaa lake imejikunja upande mmoja kama ukoko wa ugali uliobanduliwa sufuriani, waya wa mbele umesimama peke yake, hii haitaingia tena kinywani mwa mtu yeyote, waya huu ndio uliokuwa unayarudisha meno yake nyuma, yale meno ya juu yaliyotokeza mpaka midomo haifungi, na daktari anatungoja saa tatu.

Lakini kuna mtu aliyeona nilichoona mimi Ijumaa? Amerudi kutoka bweni huko Giakanja, hajanisalimia vizuri, anatia mkono mfukoni mwa sweta, anatoa kitu kimefungwa kwa karatasi ya daftari, nafungua, ganda la haragwe limenasa kwenye waya, uzi wa sukumawiki umejizungusha, na ule utando mweupe, nikaukwangua, ukaniingia chini ya ukucha, laini, nikakimbia nje nikatapika karibu na kamba ya nguo, mke wa Sajini Masinde anatapika mchana kweupe, majirani wa laini nzima ya nyumba za askari wakadhani nina mimba, na umri huu wangu... "Mama, nisaidie kuiosha, daktari akiipata chafu tena ataninyang'anya," na hilo nalijua, yule daktari wa meno huja Nyeri mara moja kwa mwezi na benchi lake hujaa watoto wanaongoja, mwezi uliopita aliishika kwa kibanio, akaisogeza mbali na pua, akasema kwa Kiingereza, nesi Wachuka akanigeuzia kwa Kiswahili, "Mama, akileta hii kitu ikiwa chafu tena, ama daktari aone haivai, nafasi yake itapewa mtoto mwingine," nikaona aibu, mimi ambaye sakafu yangu unaweza kulia chakula, kisha Wachuka akaniambia namna ya kuiosha, mswaki, maji baridi, sabuni kidogo, asubuhi na jioni, na akasema jambo lingine, alisema nini... pale palikuwa na kelele, mtoto wa mtu alikuwa analia, sikusikia vizuri.

Mimi nachemsha, ndivyo nilivyo, tulipohamishiwa hapa Kiganjo bibi wa afya alitupanga wake wa askari mbele ya bomba akatuambia chemsheni, maji chemsha, maziwa chemsha, chupa chemsha, nepi chemsha, nimelea watoto wanne na hakuna hata mmoja aliyelazwa kwa tumbo, nani atanilaumu, kinywa ni kitu kichafu, ukifikiria sana huwezi kula, kinywa cha mtu yeyote, hata cha askofu... "Mama, unaosha nini hiyo saa yote?", nakuja!... na changu. Haya, na changu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, huko kwetu magharibi, mzee mwenye chuma bapa, kichwa changu kimebanwa kati ya magoti ya shangazi, meno manne ya chini, moja, halafu lingine, damu nikaimeza kwa sababu nilikatazwa kulia, na shangazi akanifuta akasema sasa wewe ni mtu, hata ukiugua taya likafunga tutakunywesha uji hapo penye pengo, nami nikajivunia, nilicheka njia nzima kwenda mtoni ili wenzangu waone, hata Masinde alinikuta hivyo akanioa hivyo, mama yake mwenyewe alikuwa na pengo kama langu, hakuna aliyelitaja mpaka tukaja huku, nikaenda sokoni kununua viazi, yule mama wa viazi akaniangalia mdomo kabla ya macho, "Ngai, kwani bwana yako alikupiga?", na wenzake wakageuka kutazama, tangu siku hiyo nacheka na kiganja mdomoni, miaka mitano sasa, hata nikiwa peke yangu na redio.

Na Jumamosi. Keziah ana rafiki yake mezani, nimewamiminia chai, nikachukua kikombe cha Keziah nikaonja kama sukari imekolea, kama nilivyoonja kila kikombe chake tangu akiwa mchanga, nikamrudishia, naye akakizungusha, polepole, anatafuta upande ambao mdomo wangu haukugusa, akazungusha tena, akakiweka chini... chai ikapoa mpaka ikafanya ngozi juu, mtoto niliyemtafunia nyama kwa meno niliyobakishiwa nikamtia mdomoni, naye akameza akitaka nyingine. Kile kikombe nilikiosha mwenyewe. Nilikiosha mara mbili, sijui kwa nini mara mbili, halafu nikaitazama pleti yake ndani ya glasi dirishani, na uchafu wake wote, nikasema moyoni, kumbe huyu ndiye anayenionea mimi kinyaa.

"Mama, wataniacha!"

Hakuna mtoto aliyekuwa analia. Kwa daktari siku ile palikuwa kimya, Wachuka alinishika mkono kabisa, akaniambia, "Lakini maji moto hapana, mama, sikia vizuri, itajikunja na haiwezi kunyooka tena," nikamjibu nimesikia, nilisikia kila neno, na asubuhi hii maji yalipotokota nilisimama na pleti juu ya sufuria, nikajiambia naua vijidudu, mkono ukangoja, ulingoja kabisa, nikakumbuka kikombe kinavyozunguka, nikaachia... nyani haoni kundule, nimemtapikia mtoto maharagwe yake na uchafu ulikuwa huku kwangu, ninanuka mimi, na sasa daktari ataijaribu isiingie, atasema ndiyo hiyo, hakuwa anaivaa, meno yamerudi yalikokuwa, ataita mtoto mwingine kutoka kwenye benchi, na Keziah atabishana kidogo halafu atanyamaza, kwa maana nani atamwamini, atapita mbele ya watu wote wale na meno yake nje, ameinamisha kichwa, ameweka kiganja mdomoni. Nitakuwa nimemfundisha.

Honi inalia tena, ndefu, "Mama?", sauti imekuwa ndogo, anaogopa sasa, pleti iko kwenye kiganja changu chote, sijui niliacha lini kuishika kwa vidole viwili, ina mate yake ndani, iwe nayo, nitapanda lori hilo pamoja naye, nitakaa kwenye kile kiti mbele ya daktari na Wachuka, nitasema niliichemsha mimi, nilikuwa nimeambiwa, lakini wao ni rahisi, wa kwanza kuambiwa ni huyu aliye nyuma ya mlango, nakuja, nasema, na mkono mwingine ulikuwa umeshapanda wenyewe kunifunika mdomo, naushusha, nauweka kwenye komeo.